Kutazama fataki za Mwaka Mpya ukiwa kwenye boti: anza kupanga safari ya kurudi

Tarehe 31 Desemba jua huzama Mwanza karibu saa moja jioni. Kutoka hapo hadi saa sita usiku, fataki za Mwaka Mpya zinaporushwa, kuna saa tano za giza. Fataki zenyewe humalizika ndani ya dakika chache. Baada yake inabaki safari ya kurudi nyumbani, ambayo watu wachache huikumbuka siku ile wanapochangishana fedha za kukodi boti.

Kuangalia fataki ukiwa majini kunapendeza, hilo hatubishani. Mji wa Mwanza umekaa juu ya vilima vya mawe vinavyoshuka hadi ziwani, hoteli na kumbi nyingi zimejipanga ufukweni, na maji yakitulia kila rangi inayopasuka angani huonekana mara mbili, juu na chini. Kwa mtu anayetoka kijijini ng'ambo ya ghuba, au visiwani ambako mwaka hufungwa kwa ngoma na ibada tu, ni jambo la kusimulia mpaka Pasaka. Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga safari hiyo ili wote waliokwenda warudi kusimulia. Tumechukua mfano wa Mwanza, lakini msikilizaji wa Kisumu, Bukoba au Entebbe anaweza kuyatumia pia, kwa sababu ziwa ni moja na tabia yake ya usiku haijui mipaka.

Ziwa la mchana na ziwa la usiku

Watu wengi wa nchi kavu wanalijua ziwa la mchana. Wakati wa mchana jua hupasha ardhi moto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Ndiyo maana mawingu ya mvua ya alasiri mara nyingi hujengeka juu ya vilima na mashamba.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, maji hubaki na joto lake la nyuzi 25 hivi, na upepo huanza kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi na limezungukwa na ardhi pande zote. Kwa hiyo upepo huo hutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa wakati mmoja, ukakutana juu ya maji. Hewa inayokutana hivyo haina pa kwenda isipokuwa juu, na kwa kuwa imebeba unyevu wa ziwa, hujenga mawingu ya radi. Dhoruba nyingi za ziwani huja kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri kwa sababu hiyo, saa ambazo mkulima amelala na kudhani kila mahali kumetulia. Desemba pia ni mwezi wa mvua za vuli katika Kanda ya Ziwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, linakadiria kuwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha kila mwaka katika ziwa hili, na hali mbaya ya hewa ni miongoni mwa sababu kubwa.

Upepo huo wa usiku una mambo matatu ambayo mpangaji wa safari ya fataki anapaswa kuyajua. La kwanza, unasukuma kuelekea katikati ya ziwa. Injini ikizimika mchana, mara nyingi upepo utakurudisha ufukweni taratibu. Ikizimika saa saba usiku, utakupeleka mbali na kila mtu. La pili, ukirudi mwaloni unakwenda dhidi ya upepo, na wimbi linakupiga usoni, kwa hiyo safari ya kurudi hula mafuta na muda zaidi kuliko ya kwenda. La tatu, moshi na mabaki ya fataki zinazorushwa ufukweni huja upande wa maji, yaani kwenye boti yako.

Kwa hiyo usiupime usiku kwa utulivu wa jioni. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, siku moja kabla na tena jioni ya siku yenyewe, na sikiliza sehemu inayohusu Ziwa Victoria, si ya mkoa peke yake. Kama wametaja upepo mkali au mawimbi makubwa, ahirisha. Fedha ya boti itarudishwa au haitarudishwa, lakini zungumzeni jambo hilo na mwenye boti mapema, kabla hamjalipa, kwa sababu ugomvi mwingi wa usiku huo huanzia hapo: abiria wamelipa, nahodha ameshanunua petroli, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi.

Fataki huwavuta watu upande mmoja

Hatari nyingine inatokana na fataki zenyewe, na ni rahisi kuisahau. Boti husimama wima kwa sababu uzito uliomo umegawanyika sawa kushoto na kulia, tena umekaa chini. Chukua boti yenye abiria 20, kila mmoja kilo 65. Fataki ya kwanza inapasuka upande wa kulia. Watu 15 wanasimama, wanasogea kulia na kuinua simu zao. Kwa sekunde chache karibu tani moja ya uzito imehama upande na kupanda juu kwa pamoja. Boti ambayo ilivuka ghuba nzima bila tatizo inaweza kupinduka mahali hapo hapo, maji yakiwa shwari.

Dawa yake haigharimu kitu. Nahodha aelekeze pua ya boti kwenye fataki, si ubavu. Hivyo waliokaa kushoto na waliokaa kulia wote wanaona mbele yao, na hakuna sababu ya kuhama. Pili, sheria itangazwe kabla ya kuondoka na mtu mmoja mwenye sauti asimamie: hakuna kusimama tangu injini inapopunguzwa mpaka boti inapofungwa tena gatini. Anayetaka kupiga picha apige akiwa amekaa. Tukiri kwamba hili ndilo gumu kuliko yote tunayoandika hapa. Watu husimama. Kwa hiyo boti ijazwe pungufu ya uwezo wake, ili hata wachache wakikosea ibaki na nafasi ya kuvumilia.

Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, wilayani Mukono nchini Uganda, ikiwa na watu waliotoka kujiburudisha jioni ya Jumamosi. Zaidi ya watu 30 walifariki. Polisi walieleza kuwa ilibeba watu kupita kiasi na kwamba yenyewe ilikuwa mbovu. Wengi hawakuwa wamevaa majaketi ya kuokolea. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliofariki peke yao walikuwa 228. Hapo Bwisya nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho. Kuwa karibu na ufukwe hakumwokoi mtu asiyejua kuogelea na asiye na jaketi.

Boti na nahodha

Mtumbwi wa kuvulia una leseni ya kuvua samaki. Leseni hiyo si ruhusa ya kubeba abiria, hata kama mwenye mtumbwi ni baba yako mdogo na anakufanyia kwa bei ya mafuta tu. Kwa Tanzania, usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Muulize mwenye boti akuonyeshe cheti cha ukaguzi, usome idadi ya abiria iliyoandikwa, kisha uliza kama anaruhusiwa kubeba abiria usiku. Akijibu kwa kucheka, tafuta mwingine. Ukitaka uhakika, uliza ofisi ya TASAC au viongozi wa BMU wa mwalo huo. Wao wanajua boti zipi zina kelele za maneno na zipi zina injini nzima.

Nenda ukaione boti mchana, siku mbili au tatu kabla. Ingia ndani uangalie kama maji yanajikusanya chini. Mwambie nahodha awashe injini, aizime, kisha aiwashe tena. Hesabu majaketi mwenyewe, moja moja, na uyavae uone kama mikanda inafunga. Majaketi ya maonyesho, yaliyofungwa kwenye kifurushi na kukaa juani miaka mitano, huchanika ukiyavuta. Watoto wanahitaji majaketi ya kimo chao, kwa sababu jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani anapoingia majini. Kama hakuna la mtoto, mtoto hapandi. Mtoto mchanga abaki nyumbani na bibi yake, ambaye pengine hataki fataki hata kidogo. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linaweza kumshikilia mtu asizame, na ni vyema liwepo moja au mawili, lakini lisihesabiwe badala ya jaketi.

Vitu vingine vinavyotakiwa kuwemo ni makasia mawili, nanga yenye kamba ndefu, ndoo ya kutolea maji, tochi mbili zenye betri mpya na filimbi. Kuhusu mafuta, mabaharia wengi hutumia hesabu ya mafungu matatu: fungu moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu lisiguswe. Injini ndogo ya farasi 15, zile zinazoonekana sana mialoni, ikikimbizwa hunywa lita 6 hivi kwa saa, zaidi kidogo boti ikijaa. Pigeni hesabu pamoja na nahodha, na mafuta yapimwe mbele yenu kabla ya kuondoka.

Kuhusu pombe tutasema jambo moja tu. Nahodha asinywe hata kidogo, na hilo ni pamoja na ile chupa moja ya kumkaribisha mwaka ambayo abiria wenye furaha humpa saa sita na dakika tano.

Mahali pa kusimamisha boti

Fataki hazihitaji kusogelewa. Mlipuko ulio mita 100 juu unaonekana vizuri sana hata ukiwa umbali wa kilomita mbili. Warushaji wa kitaalamu nchini Marekani hutumia kanuni ya futi 70 kwa kila inchi moja ya upana wa fataki, yaani mita 21 hivi. Fataki ya inchi 6 kwa kanuni hiyo inahitaji eneo tupu la mita 130 kila upande. Wewe uliye botini hujui ni fataki za ukubwa gani zinazorushwa, wala hujui kama anayezirusha ni fundi au ni mhudumu wa hoteli aliyepewa kiberiti. Kaa mbali zaidi.

Kuna njia ya kupima umbali gizani bila kifaa chochote. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiona fataki inapasuka, anza kuhesabu taratibu mpaka usikie mlio. Sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde mbili mpaka tatu ni mahali pazuri kwa boti. Ukisikia mlio pamoja na mwanga, mko karibu mno, ondokeni. Hesabu hiyo hiyo hupima radi, ila kwa radi usisubiri mpaka sekunde zipungue. Ngurumo ikisikika tu, dhoruba tayari iko karibu vya kutosha kukufikia, na juu ya maji tambarare boti yenu ndiyo kitu kirefu kuliko vyote. Usiku wa fataki watu huchanganya mingurumo hii miwili, basi awepo mmoja ambaye kazi yake ni kutazama upande wa pili, kule kusiko na sherehe.

Simamisheni boti pembeni mwa njia ya moshi, si mbele yake moja kwa moja. Mkiona moshi unawajia, sogeeni kushoto au kulia, msirudi nyuma kuelekea katikati ya ziwa.

Ghuba ya Mwanza ina mawe mengi. Jiwe la Bismarck linajulikana na kila mtu kwa sababu limesimama juu ya maji na linapigwa picha, lakini mengine yamejificha chini kidogo ya uso wa maji, na ni nahodha wa hapo hapo tu anayeyajua kwa majina. Boti iliyotoka mbali na nahodha mgeni isizunguke ovyo karibu na ufukwe wa mji usiku. Kisiwa cha Saanane kilicho mbele ya mji kinaonekana kama mahali pazuri pa kushuka na kutazamia. Ni hifadhi ya taifa, na haishukwi usiku bila kibali. Magugu maji nayo husafiri na upepo, na rundo ambalo halikuwepo jioni linaweza kuwa limeziba njia saa sita.

Kisha kuna wavuvi. Kama mwezi haupo, wavuvi wa dagaa watakuwa kazini, na taa zao zitafanya ziwa lionekane kama mji mwingine. Wao hawasherehekei, wanatafuta riziki. Nyavu zao ziko majini kuzunguka taa, na nyavu za sangara hutandazwa mahali ambapo hakuna taa kabisa. Pangaboi likinasa wavu, mmekwama na mmemharibia mwenzenu mtaji. Pitieni mbali. Taa hizo zina faida moja kwenu: wavuvi husoma anga kuliko sisi. Mkiona taa zinaanza kurudi mialoni kwa haraka, au upande mmoja wa anga nyota zinafutika na upepo wa baridi unavuma ghafla, hakuna haja ya kupiga kura. Rudini, hata kama ni saa sita kasoro kumi.

Boti yenu nayo ionekane. Taa za chombo kinachotembea usiku ni nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe nyuma. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo hicho kinakuja moja kwa moja kwako.

Na fataki zisirushwe kutoka kwenye boti. Mvuke wa petroli hukaa chini ndani ya boti, na cheche moja inatosha. Isitoshe, Tanzania mtu haruhusiwi kurusha fataki bila kibali cha polisi, iwe majini au nchi kavu.

Simu, majina na ishara za kuomba msaada

Kabla ya kupanda, mmoja wenu aandike majina ya wote waliomo, pamoja na namba ya simu ya ndugu wa kila mmoja. Karatasi ibaki na mtu wa nchi kavu ambaye hatalala: shangazi, mlinzi wa mwalo, au kiongozi wa BMU. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, orodha kamili ya abiria haikuwepo, na familia nyingi zilibaki bila kujua kama mtu wao alikuwemo. Aliyeachiwa karatasi aambiwe saa ya kurudi, na aambiwe pia afanye nini saa hiyo ikipita: apige simu 112, aeleze boti ilitoka mwalo gani, ilielekea wapi na ina watu wangapi.

Simu ziingizwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, na simu mbili kati ya zilizopo zisitumike kupiga picha hata moja, ili chaji ibaki. Kumbukeni kwamba saa sita usiku wa Mwaka Mpya kila mtu anapiga simu ya salamu, na mtandao huelemewa. Ujumbe mfupi wa maandishi hupenya mara nyingi pale ambapo simu ya sauti inakataa. Kubalianeni na mtu wa nchi kavu juu ya ujumbe wa neno moja, kwa mfano "TUMEFIKA", utakaotumwa boti ikifungwa gatini.

Jambo jingine ni la usiku huo tu. Siku nyingine, roketi nyekundu ikipanda juu ya ziwa kila baharia anajua kuna chombo kinachoomba msaada. Usiku wa Mwaka Mpya itaonekana kama fataki moja zaidi, na watu watapiga makofi. Kwa hiyo msitegemee ishara za angani. Tumieni filimbi, kupiga mfululizo na kupumzika, kupiga na kupumzika. Tochi iwashwe na kuzimwa kwa mpangilio ule ule, mkiielekeza kwenye boti iliyo karibu.

Ikitokea boti imepinduka, shikeni boti. Ya mbao huelea hata ikiwa imejaa maji, na waokoaji huona boti kabla ya kuona kichwa cha mtu. Wekeni watoto katikati, mshikane, muitane majina. Taa za mji usiku huonekana karibu kuliko zilivyo, nazo zimewadanganya waogeleaji hodari wakaiacha boti.

Mpango tunaoupendelea

Ukiweka pamoja yote hayo, safari inayofaa ni fupi kuliko ile ambayo wengi huifikiria. Njooni mjini mchana, kwa barabara au kwa kivuko cha kawaida. Kwa wa Sengerema na Geita hili limekuwa rahisi tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilipofunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko si kisingizio tena cha kuvuka kwa mtumbwi usiku. Kuleni nchi kavu. Pandeni boti saa tano na nusu, msiende zaidi ya kilomita moja au mbili kutoka gatini, tazameni fataki mkiwa mmekaa, na saa sita na nusu boti iwe imefungwa pale pale ilipotoka. Laleni mjini kwa ndugu. Msikae majini kusubiri kupambazuke, kwa sababu saa za kabla ya alfajiri ndizo saa za dhoruba. Nyumbani mrudi asubuhi, baada ya kulitazama ziwa.

Wakati wa kupanda na kushuka, mtu asikimbilie ubao. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023 watu wasiopungua 9 walifariki Kampala, katika jengo la biashara la Freedom City, umati ulipobanana kwenye njia nyembamba ukikimbilia kuona fataki. Ubao wa gati ni mwembamba kuliko njia ile, na chini yake kuna maji. Wanaposhuka, waanze wa mbele huku wa nyuma wakiwa wamekaa. Mahali ambapo hakuna gati na mnalazimika kukanyaga maji kwenye matete, vaeni viatu na mkaushe miguu mara moja. Kichocho huambukizwa kwenye maji ya pembeni kama hayo, ingawa vijidudu vyake hutoka kwa wingi zaidi mchana. Kwenye matete usiku kuna viboko pia, na kiboko hana habari na sikukuu.

Kwa wale watakaoona fedha ya boti haitoshi kwa majaketi ya wote, vilima vya Mwanza viko palepale. Ukiwa juu ya mawe ya Capri Point unaona ufukwe wote kwa pamoja, fataki za kila hoteli, na taa za wavuvi nyuma yake. Mimi binafsi ndiko nitakakokuwa, na chupa ya chai ya tangawizi, nikihesabu sekunde.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114. Ziandikwe kwenye simu za wote kabla ya tarehe 31.